Mbuni na Mbuni: Maana Mbalimbali za Jozi za Herufi

Utangulizi

Kauli kwamba Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa imezoeleka mno miongoni mwetu. Huimbwa katika shule za msingi, hurudiwa katika vitabu vya sarufi, na aghalabu hutajwa kama fahari ya lugha hii mbele ya Kiingereza na Kifaransa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kauli hiyo ni kweli kwa kiasi, na kwamba pale inapopungukiwa na ukweli, mara nyingi utakuta herufi mbili zimeandamana. Herufi moja peke yake katika Kiswahili ni kiumbe mwaminifu: ukiiona b unajua la kutamka. Zikikaa mbili, mambo hubadilika. Huenda zikawa sauti moja, huenda zikawa sauti mbili ndani ya silabi moja, huenda zikawa silabi mbili kamili, na huenda zikawa kovu la sauti iliyokwisha kutoweka zamani. Jicho halioni tofauti yoyote. Ni sikio, na ujuzi wa sarufi, vinavyoamua.

Jambo hili si la wanafonolojia peke yao. Mwanafunzi anayehesabu mizani ya shairi, mwalimu anayesahihisha imla, mhariri wa miswada ya kale na karani anayeandika jina la mtoto, wote hukabiliwa nalo kila siku, hata kama hawaliiti kwa jina lake.

Herufi mbili, sauti moja

Tuanze na jozi zinazofahamika zaidi: ch, dh, gh, kh, ny, sh na th. Kila mojawapo huwakilisha sauti moja tu. Asili ya jozi hizi ni uhaba. Alfabeti ya Kirumi haikuwa na herufi za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili, nao waliotuandikia lugha hii kwa hati hiyo katika karne ya 19 walifuata desturi waliyotoka nayo kwao: kuchukua herufi iliyopo na kuipa mwenzi, hasa h, ili jozi hiyo ibebe sauti mpya. Ikumbukwe kwamba h katika jozi hizi haitamkwi. Ni alama tu inayomwambia msomaji asisome t, d, g, k au s ya kawaida.

Katika hati ya Kiarabu, iliyotumiwa na washairi wetu kwa karne kadhaa kabla ya hapo, hakukuwa na haja ya jozi hizi. Sauti tuziandikazo th, dh, gh, kh na sh zilikuwa na herufi moja moja: tha, dhali, ghaini, kha na shini. Uhaba ulikuwa upande wa pili. Hati hiyo haikuwa na herufi ya p, v, g, ch wala ny, na kwa hiyo herufi ba ilibeba mzigo wa b, p na mb. Fa ikabeba f na v. Ghaini ikabeba gh, g na ng. Mtu aliyeandika baa, kwa maana ya janga, na mtu aliyeandika paa, kwa maana ya sehemu ya juu ya nyumba, waliandika kitu kimoja. Msomaji alitegemea muktadha, na zaidi alitegemea kwamba shairi analijua kwa moyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo Mwalimu Sikujua aliyakusanya Mombasa akishirikiana na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo William Hichens aliyachapisha mwaka wa 1940, yalilazimika kuvuka kutoka mfumo huo hadi huu. Kila neno lenye ba lilidai uamuzi: je, ni b, p au mb? Kwa hiyo tusemapo kwamba tunamsoma Muyaka, tunasoma pia maamuzi ya walionakili.

Kutotofautisha herufi moja na jozi yake kuna gharama katika maana. Kadhi si kazi. Dhana ni wazo, zana ni vyombo vya kufanyia kazi. Thamani ni kima cha kitu, samani ni viti na makabati. Ghani ni kuimba shairi, gani ni kuuliza. Wanafunzi wengi wa bara, ambao lugha zao za kwanza hazina baadhi ya sauti hizi, huzichanganya, kisha wakikosolewa huvuka mpaka upande wa pili na kuanza kuandika dh hata mahali pa z. Walimu hulichukulia hili kuwa uzembe. Kwa maoni yangu si uzembe. Mwanafunzi anajaribu kukisia kwa jicho jambo ambalo halijapita masikioni mwake.

Katika utunzi wa mashairi ya arudhi, gharama hiyo huonekana kwenye vina. Kina ni silabi, nayo silabi ni sauti. Kadhi na kazi haviwezi kufunga ukwapi mmoja kwa mtunzi makini, kwa kuwa -dhi na -zi ni silabi mbili tofauti. Kwa hoja iyo hiyo, mwanga hauna kina kimoja na mwaga, wala kamba na kaba. Mwenye kutazama irabu ya mwisho tu na kuridhika, huyo anatunga kwa macho.

Nayo kh imekuwa na hatima ya peke yake. Katika maandishi sanifu imeyeyuka kwa sehemu kubwa na kuwa h. Hamsini, habari na heri, ambayo katika Kiarabu huanza kwa kha, leo yanakaa bega kwa bega na haki na hewa, ambayo huanza kwa herufi nyingine mbili tofauti. Sauti tatu zimeingia katika h moja. Wapo wanaoona huu ni uharibifu. Binafsi naona ndivyo lugha inayopokea maneno inavyopaswa kufanya, ili mradi mwandishi asirudishe kh kwa kujionyesha tu.

Mbaya si mbaya

Suala gumu zaidi, na ambalo limepuuzwa zaidi katika madarasa yetu, ni lile la m na n zinapotangulia konsonanti nyingine. Chukua neno mbuni. Mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka, ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni, mti uzaao buni ambayo ndiyo kahawa, una silabi tatu: m-bu-ni. Mbuni, mtu aliyebuni jambo, naye ana tatu. Tahajia ni moja. Au chukua mvua. Ile inyeshayo ni mvu-a, silabi mbili. Ukisema mvua samaki, yaani mtu anayevua, umepata m-vu-a, silabi tatu.

Sababu ni ya kisarufi. M ya mbuni mtu na m ya mbuni mti ni ufupisho wa kiambishi mu- cha ngeli za A-WA na U-I. Irabu imedondoka, lakini nafasi yake katika silabi imebaki, nayo m imeirithi. Kwa hiyo m hiyo ni silabi kamili, japo haina irabu. Lakini m ya mbuni ndege haikuwahi kuwa mu-. Ni nazali ya ngeli ya I-ZI, iliyoshikamana na konsonanti inayofuata hadi zikawa pumzi moja. Ndiyo maana kivumishi kimoja hubadilika kulingana na nomino kinachoifuata: katika mtu mbaya tunatamka m-ba-ya, silabi tatu, katika nyumba mbaya tunatamka mba-ya, silabi mbili. Neno lile lile, herufi zile zile, maana ile ile, na hesabu mbili.

Tuone matokeo yake katika kipande cha mizani nane:

Njia mbaya hatambui

Hesabu: nji-a-mba-ya-ha-ta-mbu-i. Ni nane barabara. Sasa tubadilishe neno moja tu:

Mtu mbaya hatambui

M-tu-m-ba-ya-ha-ta-mbu-i. Ni tisa, na kipande kimechafuka. Anayehesabu kwa kutazama karatasi ataapa kwamba vipande hivi vina urefu mmoja, maana njia ina silabi mbili na mtu ana silabi mbili. Kosa halimo katika neno lililobadilishwa bali katika jirani yake ambaye hakuguswa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliweka mizani kuwa nguzo ya utunzi. Wengi wetu tumeipokea nguzo hiyo kama hesabu ya irabu, na hapo ndipo tunapopotea. Mtunzi aliyelelewa katika ghani hakosei hapa hata kama hajasikia neno fonolojia, kwa kuwa sauti yake humwambia mahali pa kukaa.

Kuna pia maneno ya ngeli ya I-ZI ambayo nazali yake ni silabi kamili kwa sababu nyingine. Mbwa, mbu, nchi, nta, nge na nne yana mashina ya silabi moja. Kiswahili hutaka mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiwa na silabi moja tu mkazo hukosa pa kukaa. Basi nazali hujitenga na kuupokea: m-bwa, n-chi, n-ge. Linganisha nge na ngeli. Katika nge, n ni silabi. Katika ngeli, ng ni mwanzo wa silabi nge-. Kadhalika nn ya nne na mm ya mmoja si konsonanti moja iliyorefushwa, bali ni silabi na mwanzo wa silabi nyingine: n-ne, m-mo-ja. Hapa Kiganda ni kinyume chetu. Herufi mbili zinazofanana katika lugha hiyo huashiria konsonanti inayokazwa kwa muda mrefu zaidi, na tofauti hiyo ni ya maana: okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Mswahili anayesoma Kiganda kwa macho ya Kiswahili atakuwa na kazi.

Irabu mbili na kivuli cha l

Irabu zinazofuatana hazina utata mkubwa katika hesabu. Kila moja ni silabi: ko-ndo-o, m-gu-u, cho-o. Tofauti ya irabu moja na mbili hubeba maana, na anayetaka mfano usiosahaulika atazame kutoa na kutooa. Bwana harusi anayeandika barua na kuacha o moja hubadilisha nia yake yote.

Linalovutia zaidi ni asili ya jozi hizi. Irabu nyingi zinazofuatana katika maneno ya Kibantu ya Kiswahili zilitenganishwa hapo kale na sauti ya jamii ya l, ambayo ilidondoka. Mjuzi wa Gĩkũyũ ataona jambo hili mara moja, kwa kuwa lugha yake imehifadhi r mahali petu penye pengo: makaa yetu ni makara kwake, na mguu wetu ni jamaa ya kũgũrũ. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe l hiyo haikufa kabisa. Hujitokeza pindi kitenzi kinapopata mnyambuliko: kaa hutoa kalia, vaa hutoa valia na valisha, zaa hutoa zalia na zalisha, toa hutoa tolea. Kwa hiyo aa ya zaa ni kama mlango wa chumba ambacho mwenyewe hayupo lakini bado ana ufunguo.

Ch na sh zinazofichua ukoo

Jozi ch nayo ina siri. Katika baadhi ya maneno ni sehemu ya shina, na katika mengine ni kiambishi ki- kilichokutana na irabu. Namna ya kuzitenga ni wingi: chombo huwa vyombo, chumba huwa vyumba, chakula huwa vyakula, lakini chupa hubaki chupa. Kiswahili kimezoea mno kuona ki- ndani ya ch hata kikaiona mahali ambapo haikuwahi kuwako. Cheti na chandarua ni maneno yaliyotujia kutoka upande wa Bara Hindi, na ch yake haina uhusiano wowote na ki-. Hata hivyo tunasema vyeti na vyandarua bila wasiwasi, kama tunavyosema vitabu.

Sh, kwa upande wake, mara nyingi ni k au t iliyoungana na kiambishi cha usababishi: waka huwa washa, anguka huwa angusha, chemka huwa chemsha, pita huwa pisha. Na mwanafunzi wa fasihi ya pwani atakuwa amekutana na ch ya Kiunguja ikisimama mahali pa t ya Kimvita na Kiamu: macho na mato, kichwa na kitwa, mchele na mtele. Vivyo hivyo nj na nd katika njia na ndia. Washairi wa kaskazini, na hata wa bara wanaowaiga, huchagua mojawapo kulingana na haja ya kina. Huo ni uhuru halali, mradi mtunzi awe anajua anachokifanya.

Th ya nani?

Hadi hapa tumebaki ndani ya tahajia moja. Tukitoka nje yake, jozi ile ile hubeba sauti nyingine kabisa, na mfano mzuri ni th. Katika Kiswahili ni sauti ya kwanza ya thamani. Katika Gĩkũyũ na Kikamba, th huwakilisha sauti ghuna, ile tunayoiandika dh. Kwa hiyo Thika, kwa wenyewe, huanza kama dhambi na si kama thamani. Katika Dholuo, th na dh ni vipasuo vinavyotamkwa ulimi ukigusa meno, tofauti na t na d za ufizi. Katika Kisotho, th ni t inayotoka na pumzi. Ndiyo sababu wenyeji wa Lesotho hawaitamki nchi yao kama tunavyoitamka sisi. Hakuna kikwamizo chochote mle, ni t yenye mpumuo.

Kuhusu mpumuo huo, Kiswahili cha Mombasa kinao. Paa la nyumba na paa mnyama wa porini hutofautiana kwa pumzi inayofuata p ya mnyama. Kaa la moto na kaa wa baharini hutofautiana vivyo hivyo, na pia tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Kimvita, aidha, kina t ya meno na t ya ufizi. W. E. Taylor, aliyechapisha methali za Mombasa mwaka wa 1891, alitumia alama za ziada kuonyesha tofauti za aina hii. Lakini mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 ilisimamia tahajia isiyo na tofauti hizo. Tahajia ikawa nyepesi, na mashine za chapa zikapumzika. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi Mjaluo anaandika katika lugha yake, kwa msaada wa h tu, tofauti ya t mbili ambayo mwanafunzi wa Mombasa huitamka kila siku na hana pa kuiandika katika insha yake. Sidai kwamba tahajia sanifu ibadilishwe. Nasema kwamba wanaohakiki ushairi wa Mombasa kwa kitabu cha sarufi sanifu pekee wanahakiki nusu yake.

Wageni nao walituandika kwa jozi zao. Mjerumani aliandika Kilimandscharo, herufi nne kwa sauti tunayoitosheleza kwa j. Katika Kongo, chini ya athari ya tahajia iliyoletwa na Wabelgiji, ch iliandikwa tsh, na ndiyo maana tunasoma Tshombe na Tshisekedi. Kusini mwetu Mreno aliandika nh kwa sauti yetu ya ny, kama katika Inhambane. Mhispania, ambaye zamani aliandika nn kwa sauti hiyo hiyo, alipandisha n moja juu ya nyingine hadi ikawa kialama kidogo kama wimbi, na jozi ikageuka kuwa herufi moja. Wahispania hao kwa muda mrefu waliihesabu ch kuwa herufi kamili yenye sehemu yake katika kamusi. Mwaka wa 1994 vyuo vyao vya lugha viliamua maneno hayo yapangwe chini ya c, na mwaka wa 2010 ch ikaondolewa katika alfabeti yao. Sisi hatujawahi kuwa na mjadala huo kwa bidii, ingawa tunao msingi wa kuwa nao: c haisimami peke yake katika tahajia yetu, ilhali maneno ya dh tumeyaweka ndani ya d, baada ya desturi na kabla ya dini.

Utata huu huonekana hata katika majina ya vyama. CHAKITA na CHADEMA vimeichukua ch kwa ujumla wake. CCM, kilichoanzishwa mwaka wa 1977, kimeigawa na kuchukua c peke yake, herufi ambayo katika Kiswahili haina sauti. Ndipo watu wakalazimika kuitamka sisiemu, kwa majina ya Kiingereza. Jina la Kiswahili likifupishwa kwa kuvunja jozi, huhitaji lugha nyingine ili litamkike.

Nje ya lugha

Nyanja nyingine zina jozi zake, nazo hufuata kanuni kali kuliko zetu. Katika kemia, Co ni kobalti, elementi moja, kwa kuwa herufi ya pili ni ndogo. CO ni kaboni na oksijeni zilizoungana, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ndiyo tofauti ile ile ya ny na mb: jozi ya kwanza ni kitu kimoja, ya pili ni vitu viwili vilivyoshikamana. Wanakemia waliona hatari mapema wakaitofautisha kwa ukubwa wa herufi. Sisi tumeiachia kumbukumbu.

Katika aljebra, ab ni a mara b. Katika jiometria, AB ni mstari unaotoka nukta A hadi nukta B. Hospitalini, AB ni kundi la damu. Mwanafunzi wa ushairi naye huandika ab kuonyesha vina vya kati na vya mwisho. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kila mmoja anajua yumo katika darasa gani.

Hata hivyo ipo jozi moja ambayo ingefaa ieleweke nje ya darasa lake. Katika vipimo vya ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, mtu huandikiwa AA, AS au SS. Hapa kila herufi ni urithi kutoka kwa mzazi mmoja. Mwenye AS kwa kawaida ni mzima lakini amebeba. Mwenye SS ni mgonjwa. Wawili wenye AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye SS. Wapo wanaopokea karatasi hiyo na kuidhania kuwa ni kundi la damu, kwa kuwa AS na AB zinafanana machoni. Kazi ya kueleza tofauti hiyo kwa Kiswahili fasaha ni yetu kama ilivyo ya madaktari.

Ng na ng'

Nimeiacha kwa makusudi jozi inayotusumbua zaidi. Katika ngoma, ng ni sauti mbili: nazali ya kaakaa laini, kisha g. Katika ng'ombe, g imeondoka na nazali imebaki peke yake. Kwa hiyo tumeandika alama tatu kwa sauti moja, na alama mbili kwa sauti mbili; kilicho kifupi mdomoni ni kirefu karatasini. Ritifaa hapa haionyeshi kwamba herufi imeachwa, kama ilivyo kazi yake kwingineko, bali kwamba sauti isitamkwe. Ikidondoka, maana inaweza kudondoka nayo: ng'oa ni kutoa kitu kilichopandwa au kukita, ngoa ni wivu.

Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei mwaka wa 2025, linatosha kuwa somo zima. Lina ng yenye g mwanzoni, th iliyo dh katikati na ng' isiyo na g mwishoni. Wasomaji wa ng'ambo waliligeuza hadi likawa na g tatu, na wengine wakaichukulia ritifaa kuwa mahali pa kusita. Jambo hilo hilo huwapata Nyong'o, Lang'at na Ng'ang'a. Profesa Anyang' Nyong'o ana ritifaa mbili katika jina lake, na ya kwanza haifuatwi na irabu yoyote.

Tatizo hili lilikuwa la matamshi tu hadi majina yalipoingia katika kompyuta. Zipo programu zinazoikataa ritifaa katika nafasi ya jina, au zinazoiondoa kimyakimya. Ng'ang'a huwa Nganga katika hati moja na kubaki Ng'ang'a katika nyingine, na mwenye jina hulazimika kuapa kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja. Waganda wanayo herufi ŋ kwa sauti hii, nao katika uandishi wa kila siku mara nyingi hukimbilia ng' kwa kuwa herufi hiyo haimo katika kibodi ya kawaida. Kwa hiyo herufi mpya peke yake si dawa.

Kwa sisi tunaokusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya utafiti, kuna mtego mdogo zaidi. Ritifaa ina maumbo mawili katika kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa mashine nyingi hizo ni alama mbili zisizo na undugu. Anayetafuta ng'ombe kwa umbo moja huenda asiwapate walioandikwa kwa umbo la pili, naye atahesabu ng'ombe nusu ya waliomo zizini. Kabla ya kuhesabu lolote, afaa aligeuze umbo moja liwe jingine katika matini nzima, kisha ahakikishe hakuna aliyeandika ngombe.